Masahihisho

Leo wamechapa tanzia yake, na jina wamelikosea.
"Kirimana," wameandika. Herufi moja imeanguka njiani
kati ya meza ya matangazo na mtambo,
nami nimeketi kwenye kibanda cha chai, Soko la Burma,
nikipapasa mfuko kutafuta kalamu nyekundu
kama mtu aliyekumbushwa deni.

Hezroni Kirimania,
msahihishaji mstaafu wa kiwanda cha chapa cha serikali.
Kila alfajiri, huko Jericho, alinunua magazeti matatu
kabla hajanunua maziwa.
Mkewe, Karwitha, aliliona hilo miaka thelathini
na hakulizoea.
Aliyasoma amesimama, tai shingoni,
rula chini ya mstari,
kalamu ikipanda ikishuka, ikipanda ikishuka,
kuku kwenye mtama.

Taipureta yake haikuwa na Z.
Aliiandika kwa mkono, hata katika jina lake mwenyewe.

"Watoto wangu wa gazetini," barua zilianza hivyo,
"jana mmechapa mapaja ukurasa wa tatu,
na gazeti hili ndilo muuza mkate hufungia mkate wetu.
Tangazo la bia mmeliweka juu ya tanzia.
Anywe nani, marehemu?
Mmeandika 'inasemekana' mara kumi na moja.
Huyu Inasemekana anaishi mtaa gani
nikamwamkie?"

Tulizisoma kwa sauti, miguu juu ya meza.
Mhariri alizibandika chooni,
nasi tukacheka mpaka machozi,
halafu mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa,
tukazisoma tena bila kucheka.

Mwaka ule vibanda vilipoungua
nilipewa saa mbili na nafasi ya safu tatu.
Sikwenda. Mvua ilikuwa kubwa, viatu vyangu vipya.
Nikamuumba mjane:
Perpetua, muuza omena, watoto wanne,
mlango wa bluu nyuma ya ukumbi wa Kaloleni.
Nikampa kikohozi. Nikampa na maneno ya kusema,
mazuri kuliko yoyote niliyowahi kuyasikia kwa mtu hai.
Nilipongezwa.

Kirimania alikwenda.
Jumamosi tatu, gazeti kwapani,
akibisha hodi kwenye kila mlango wa bluu,
na wa kijani pia, asije akawa mwandishi haoni rangi vizuri.

Barua ile haikuja kwa mhariri. Ilikuja kwangu,
na ndani yake noti ya shilingi mia mbili:
"Hizi ni za yule mama. Mimi sikumpata.
Wewe unajua anakoishi. Mpelekee."

Basi.

Lakini nisimpake marashi; mwenyewe angeyakata.
Wanafunzi walipopigwa, damu ikatapakaa ngazini,
aliandika kwamba picha ile haina staha.
Juu ya damu yenyewe hakuandika.
Waliokaa viti vya mbele kanisani kwake
walidanganya kwa herufi kubwa,
na kalamu nyekundu ikahesabu koma.

Nilimwambia hivyo, mbele ya Posta Kuu,
sauti yangu juu, watu wakigeuka.
Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai,
muda mrefu kuliko vumbi lililokuwapo.
"Basi liandike wewe," akasema.
"Na safari hii, kwa majina."

Niliandika. Nilifukuzwa kazi.
Nakala aliinunua; Karwitha ameniambia leo asubuhi
kwamba imo sandukuni, na makosa mawili yamezungushiwa duara.

Kesho nitapanda ngazi za gazeti,
mzee wa magoti mabovu anayedai herufi moja.
Watacheka wale watoto, miguu juu ya meza.
Wacheke.
Hapa pembezoni nimeshairudisha *i* mahali pake,
wino umeloa upande wa pili wa ukurasa.

Noti ile bado ninayo.
Kila nipitapo Kaloleni hutazama milango.